Mjomba, nimepata kazi na sasa marafiki wananiita msaliti

Mjomba habari yako. Nimekuwa nikisoma majibu yako kitambo lakini sikuwahi fikiria siku moja ni mimi nitaandika, ila hii maneno imenikalia kwa kichwa na sina mtu wa kuongea naye bila kutoka hapo tumekosana.

Mimi ni kijana wa 25. Nilimaliza chuo 2023, degrii ya ununuzi na ugavi, nikazunguka na bahasha ya kaki Nairobi hii yote, Upper Hill, Westlands, Mombasa Road, kila mahali ni "acha hapo kwa geti tutakupigia" na hiyo simu haiji. Nimefanya mjengo, nimeuza mitumba na binamu yangu Gikomba. Kwa hivyo Mswada wa Fedha wa 2024 ulipokuja mimi sikuwa na kazi ya kupoteza, nikaingia barabarani na moyo wangu wote. Walikuwa wanataka mkate utozwe VAT ya asilimia 16, mwenye gari alipe asilimia 2.5 ya bei ya gari kila mwaka, hata nepi za watoto zikaguswa na ushuru wa mazingira. Tarehe 25 Juni nilikuwa taun wakati wabunge 195 walisema ndio na watu wakaingia Bunge. Niliona kijana amelala kwa lami na bendera bado iko mkononi. Kesho yake Rais akasema hatatia saini. Mjomba hiyo siku nililia, nikajua kumbe sisi watoto tunaweza kusimamisha kitu kikubwa hivyo.

Sasa Mei mwaka huu wa 2025 nikapata kazi. Karani wa stoo kwa godauni moja Industrial Area, tunauza vifaa vya ujenzi. Mshahara ni 35,000. Nilipiga simu nyumbani mamangu akapiga vigelegele hadi majirani wakaja. Halafu mwisho wa mwezi nikafungua slipu, NSSF ya uzeeni, SHIF ya matibabu, ushuru wa nyumba, PAYE ambayo ni kodi ya mapato, mkopo wa chuo wa HELB, nikabaki na elfu ishirini na sita na kitu. Nilikaa kwa kitanda na hiyo karatasi nusu saa. Kodi ya nyumba Pipeline, nauli, kakangu mdogo yuko fomu tatu, na mama pia anangojea.

Juni 25 ya mwaka huu, siku ya kuwakumbuka wenzetu, bosi alituma ujumbe kwa grupu ya kazi jioni ya kuamkia hiyo siku, ati atakayekosa asirudi, na atakayeonekana kwa TV asirudi. Nikaenda kazi. Nilishinda nikihesabu koili za waya na mabomba huku tunasikia vitoa machozi vikilipuka upande wa taun, na jioni matatu hakuna nikatembea hadi nyumbani. Kile nilifanya tu ni kuweka mshumaa na bendera kwa status. Bosi akaniuliza inboksi "hii ni nini?" sikujibu.

Marafiki zangu tuliokuwa nao 2024 hawakunisamehe. Kwa grupu yetu mmoja aliandika "mwenye slipu hana nchi" na wengine wakalaiki. Mmoja wao alishikwa siku hiyo akalala seli, na mimi nilikuwa nahesabu mabomba. Hiyo inaniuma hadi leo.

Sasa hapa juzi mambo mawili yamekuja pamoja. La kwanza, HR ameniletea barua, probesheni yangu ya miezi sita inaisha lakini wanataka kuiongeza miezi mingine sita, nisaini. Hakuna sababu imeandikwa, ni "bado tunakuangalia". Mwenzangu wa kazi ananiambia ni hiyo status.

La pili, kuna mtu kutoka kwetu Busia anataka ubunge 2027. Amenipata kupitia jamaa mwingine, anasema aliona vile nilikuwa nikiandika mtandaoni 2024, anataka niwe mratibu wake wa vijana. Elfu arobaini na tano kwa mwezi, keshi, hakuna makato. Kazi ni kuleta vijana kwa mikutano, kuendesha akaunti kadhaa, kutrendisha hashtagi na kuzima wale wanaomsema vibaya. Anasema mabadiliko yanaletwa na watu walio ndani si watu wa kupiga kelele nje.

Mama anasema nitulie na kazi ya godauni niachane na siasa kabisa. Marafiki wanasema nimenunuliwa. Huyu mheshimiwa mtarajiwa anasema niingie ndani. Mimi mwenyewe nilidhani nikipata kazi nitatulia, badala yake nimeanza kuona vitu sikuwa naviona nikiwa bila kazi. Nisaini hiyo barua? Nichukue hiyo kazi ya siasa? Na Juni ijayo nikiitwa tena nifanyeje? Mtu anaweza kuwa na kazi na bado awe mtu wa mabadiliko ama lazima nichague moja?

Karani wa Stoo, Nairobi

MJOMBA ANAJIBU

Mpwa wangu, asante kwa kuniandikia na pole kwa hiyo nusu saa ya kukaa na slipu kitandani. Nitaanza na hiyo karatasi kwa sababu majibu yako mengi yako humo.

Toa slipu yako uiweke mbele tuisome. Kwa 35,000, NSSF ni asilimia 6, yaani 2,100. SHIF asilimia 2.75, ni 962 na senti hamsini. Ushuru wa nyumba asilimia 1.5, ni 525. Hizo tatu zinatolewa kwanza kabla ya kodi kuhesabiwa, unabaki na 31,412 na nusu ndiyo inatozwa PAYE. Elfu 24 za kwanza ni asilimia 10, inayobaki asilimia 25, halafu unarudishiwa nafuu ya 2,400, kwa hivyo PAYE yako ni kama 1,853. Toa zote unafika 29,559 hivi, halafu HELB ndiyo inakushusha hadi hiyo elfu ishirini na sita yako. Kama slipu yako inasema kitu kingine kwa mistari hiyo minne, nenda uulize, na uulize kwa upole lakini uulize.

Sasa angalia hivi. Hiyo ya kutoa SHIF na nyumba kabla ya PAYE haikuwa hivyo mwanzoni. Ilibadilishwa na sheria ya kodi ya Desemba 2024, miezi sita baada ya wewe kulia pale taun. Ushuru wa nyumba wenyewe ulianza na Sheria ya Fedha ya 2023, Mahakama Kuu ikasema Novemba mwaka huo ni kinyume cha katiba, Januari 2024 Mahakama ya Rufaa ikakataa uendelee kukatwa, halafu Machi Bunge likapitisha sheria mpya ukarudi. SHIF ilichukua nafasi ya NHIF, ile bima ya afya ya zamani, tarehe 1 Oktoba 2024. Mtu wa mshahara wako alikuwa analipa NHIF 950 kwa hivyo hujaisikia sana, lakini mwenye laki moja alitoka 1,700 akaenda 2,750 na huyo ndiye unamsikia akilia ofisini. Kila mstari hapo ni uamuzi wa mtu aliyechaguliwa na watu, au jaji, au kamati fulani iliyokaa chumbani ikasikiliza waliojitokeza. Kwa hivyo huyo aliyekuandikia mwenye slipu hana nchi amekosea kabisa. Wewe sasa ndiyo nchi inakufikia kila mwisho wa mwezi kwa shilingi na senti, na unaweza kuijadili ukiwa na karatasi mkononi. 2024 ulipigania mkate wa kila mtu ukiwa huna chako, na hiyo ni heshima itakaa na wewe, lakini leo una ujuzi ambao hukuwa nao ukiwa Kenyatta Avenue.

Na kabla sijasahau, hakikisha hizo pesa zinafika. Waajiri wengine wanakata na hawapeleki. SHA, hao wanaosimamia SHIF, unapiga *147# uone kama unaonekana umelipiwa. NSSF omba taarifa yako kwa mtandao wao. Ya nyumba unafungua akaunti ya Boma Yangu uone kama michango inaingia, na ujue bosi naye anatakiwa kuongeza 525 yake juu ya yako, na NSSF pia anaongeza 2,100. Ukikuta tupu, hapo una kitu kizito kuliko status ya mshumaa.

Twende kwa barua. Usisaini leo. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 42, inasema probesheni isizidi miezi sita, na inaweza kuongezwa miezi mingine isiyozidi sita lakini kwa makubaliano ya mfanyakazi. Makubaliano, mpwa wangu, si amri. Kwa hivyo mwandikie HR barua fupi au imeili, lugha safi, umwambie umepokea, unaomba kujua ni kwa sababu gani, ni wapi kazi yako imepungua, na kama kuna jambo la kurekebisha mkubaliane muda mfupi zaidi, tuseme miezi miwili au mitatu, na malengo yaandikwe. Usitaje status. Usitaje maandamano. Waache wao ndio waandike sababu. Wakiandika ya kweli kuhusu kazi utairekebisha, na wakishindwa kuandika chochote umepata ushahidi wako. Weka nakala nyumbani, si kwa kompyuta ya kazi. Siwezi kukudanganya kwamba huna hatari yoyote, mtu wa probesheni anaweza kuachishwa kwa notisi ya siku saba, lakini mwaka 2021 mahakama ya ajira ilisema hata aliye kwa probesheni ana haki ya kusikilizwa kabla ya kufukuzwa, na kifungu cha 46 kinasema wazi kwamba maoni yako ya kisiasa si sababu halali ya kukufukuza. Na muda ukiisha waendelee kukupa kazi bila nyinyi kukubaliana nyongeza yoyote, una hoja nzuri kwamba ushathibitishwa. Ukiona wanakaza, kabla ya siku kuisha tembelea ofisi ya leba na hizo karatasi, ushauri wao ni bure.

Lakini tofautisha vitu viwili, maana hapa vijana wengi wanachanganya. Kifungu cha 37 cha Katiba kinakupa haki ya kuandamana kwa amani bila silaha. Hakikupi haki ya kukosa kazi bila ruhusa, na sheria ya ajira inahesabu kutoonekana kazini bila ruhusa kuwa kosa kubwa. Kwa hivyo Juni ijayo, ukitaka kwenda, anza Mei. Likizo ya mwaka ni siku 21 ukishamaliza miezi 12 ya kazi, na wewe utakuwa umeifikisha. Omba siku yako mapema kwa maandishi kama unavyoomba ya mazishi au harusi, huna haja ya kueleza unaenda wapi. Ukinyimwa, nenda jioni kwa kumbukumbu ya mishumaa, au tuma nauli na maji kwa wale wanaoenda, au kuwa mtu wa simu. Kila kundi linahitaji mtu mmoja aliye nje, mwenye majina kamili na namba za vitambulisho na namba ya wakili, kwa sababu aliyeshikwa anatakiwa afikishwe kortini ndani ya saa 24 na asipotafutwa na mtu anaweza kuzungushwa stesheni hadi stesheni. Rafiki yako alilala seli. Ulimtafuta? Kama hujaenda kumuona mpaka leo, nenda Jumapili hii na usianze na kujitetea. Mwache aongee kwanza.

Na bosi wako pia nitamsemea kidogo. Tarehe 25 Juni mwaka huu maduka yalivunjwa taun, watu wa kuuza simu na nguo waliamka hawana hata hanga, na wengi wao si matajiri, ni mtu na mkopo wa chama. Mwenye godauni akiogopa hiyo siku naelewa. Ninachokataa ni kuwatisha watu kwa kile wanaamini, na kuuliza kijana mshumaa ni wa nini wakati Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilihesabu watu 60 waliokufa kwa yale maandamano ya 2024. Ni mshumaa wa wafu. Hiyo haihitaji ruhusa ya kazini.

Sasa nikwambie kitu cha zamani, na nakwambia kwa sababu kinajibu swali lako la mwisho. Kazi yangu ya kwanza niliipata 1987 kiwandani, huko huko Industrial Area. Mwaka uliofuata, Februari 1988, KANU, chama pekee wakati huo, ikafanya mchujo wa mlolongo. Hakukuwa na karatasi ya kura, hakukuwa na sanduku. Unasimama uwanjani mchana peupe nyuma ya mtu anayebeba picha ya mgombea wako, halafu watu wanahesabiwa, na anayepita asilimia 70 anakwenda Bunge moja kwa moja bila kura nyingine. Na lazima uwe na kadi ya chama, hiyo kadi vijana wa chama walikuwa wanaiuliza hata sokoni na kwa steji. Nilisimama pale na wenzangu wa zamu. Nyapara wetu alikuwa ashasimama kwa laini ya mkubwa wa siku hiyo, amegeuka anaangalia nyuma, anatutazama mmoja mmoja tunaenda wapi. Hakusema neno. Wengine walikuwa wameniambia usiku tutasimama na yule mwingine, na asubuhi nikaona miguu yao inaelekea kwa nyapara. Mwanamume mmoja tu wa kitengo chetu alisimama kwa laini fupi, mtu wa makamo, baba wa watoto wengi. Jumatatu mashine yake ilikuwa na mtu mwingine. Na kwingine nchini hata laini ndefu ilitangazwa kuwa imeshindwa na ile fupi, watu wakiangalia kwa macho yao.

Miaka miwili baadaye, Julai 1990, Matiba na Rubia, wanasiasa waliokuwa wanadai vyama vingi, wakashikwa kabla ya mkutano wa Kamukunji, na tarehe 7, Saba Saba, watu wakaingia barabarani. Ilikuwa Jumamosi, sisi tuna nusu siku. Wako walioenda kutoka kazini moja kwa moja na ovaroli zao. Desemba 1991 kifungu cha 2A, kile cha chama kimoja, kikaondolewa, vyama vingi vikarudi. Lakini Moi alishinda 1992, akashinda tena 1997, na mabadiliko yenyewe ya serikali yakaja Desemba 2002. Kutoka Saba Saba hadi hapo ni miaka kumi na miwili. Unadhani ile miaka yote iliendeshwa na nani? Na watu waliokuwa na kazi. Walimu, makarani, watu wa reli, mama wa sokoni, waliokuwa wanachanga shilingi kwa shilingi kulipia wakili, wanasoma rasimu za katiba jioni, wanakaa kwa vituo vya kura usiku mzima wakihesabu. Wengine walifukuzwa, wengine walifungwa, lakini wengi zaidi waliamka wakaenda kazini na wakaendelea na ile nyingine wakitoka. Katiba ya 2010 ambayo mliibeba mkononi 2024 imetokana na hao. Kwa hivyo hapana, si lazima uchague moja, na anayekwambia uchague hajui vile nchi hii ilifika hapa.

Na angalia kitu umepewa ambacho mimi sikuwa nacho 1988. Kura yako ni ya siri. Bosi hawezi kugeuka akaona umesimama wapi. Sasa naomba unijibu ukweli, umejiandikisha? IEBC, tume ya uchaguzi, ilianza tena kuandikisha mfululizo tarehe 29 Septemba mwaka huu kwa ofisi za maeneo bunge, na uchaguzi ni Agosti 10, 2027. Kama wengi wa mliokuwa taun 2024 hamjajiandikisha, hao wabunge 195 hilo wanalijua. Amua kama utapiga Embakasi unapoishi ama Busia kwenu, ukienda na kitambulisho ni dakika chache, halafu waambie wale wa grupu wanaokuita msaliti muende pamoja. Hapo utajua nani ana hasira tu na nani ana nia.

Nirudi kwa huyu mheshimiwa mtarajiwa. Kufanya kazi ya siasa si aibu. Kama ni mtu unamwamini, ana msimamo unaoujua, na anakupa kazi ya kweli, ningekwambia fikiria. Lakini soma tena ulichoniandikia. Kuleta vijana kwa mikutano, akaunti kadhaa, hashtagi, kuzima wanaomsema vibaya. Hujaniambia hata kitu kimoja anachotaka kubadilisha, na najua hukusahau, ni kwamba yeye hakusema. Anataka lile jina lako la 2024 alitumie kuwanyamazisha vijana kama wewe wa 2024. Halafu hiyo "keshi hakuna makato" imekuvutia kwa sababu umeumizwa na slipu, na hilo nalielewa sana, lakini maana yake ni hakuna mkataba, hakuna NSSF, hakuna SHA, hakuna notisi, na siku moja baada ya kura, ashinde au ashindwe, namba yake haishiki. Mtu anayetaka kutunga sheria za kodi za nchi na anaanza kwa kulipa watu chini ya meza amekuonyesha atatunga vipi.

Ukitaka kuwa na hakika usinichukulie mimi neno, mpime. Mpigie umuulize maswali matatu: angepigaje kura ule Mswada wa 2024, atafanya nini na ushuru wa nyumba, na atakuandikia mkataba? Akijibu vizuri yote matatu niandikie tena tuongee. Akikwepa, mwambie asante mheshimiwa, nina kazi.

Kuna kazi mbili zaidi nataka uzifanye, na hizi hazihitaji uombe ruhusa kwa mtu. Mswada wa Fedha hauji kama mvua. Kila mwaka unafika Bungeni kufikia Aprili 30, Mei wananchi wanatoa maoni, Juni unapigiwa kura, Julai mosi unaanza kukukata. 2024 mliushika Juni ukiwa karibu kuiva na mkalipa kwa damu. Mwaka huu, 2025, serikali ilitaka KRA, watu wa kukusanya kodi, ipate njia ya kuingia kwa data za watu na biashara, watu wakaandika maoni, mawakili, wahasibu, watu wa kawaida, na kamati ya fedha ikakiondoa hicho kipengele. Hakuna aliyepigwa risasi kwa hicho kipengele. Wewe na degrii yako ya ununuzi unajua kusoma jedwali la bei, Mei ijayo kaeni watu watano Pipeline hapo jioni moja, msome, muandike ukurasa mmoja kwa karani wa Bunge mkitumia slipu zenu halisi kama mfano, 35,000 inabaki ngapi, kodi ya chumba ngapi, nauli ngapi. Wabunge husikia sana maneno makubwa. Karatasi ya karani wa stoo yenye hesabu hawaioni mara nyingi.

Ya pili ni hapo kazini. Mko wangapi kwa hiyo godauni, wapakiaji, madereva, makarani? Katiba kifungu cha 41 kinakupa haki ya kujiunga na chama cha wafanyakazi, na kwa sekta yenu kuna KUCFAW, chama cha wafanyakazi wa biashara na vyakula. Zaidi ya nusu ya wafanyakazi wakijiunga, mwajiri anatakiwa kukitambua chama na kukaa nacho mezani. Usiwe wewe mbele peke yako ukiwa kwa probesheni, hapana, kwanza sikiliza, ujue ni nani wazee wa pale wanaoaminika, labda kuna mmoja alishajaribu. Lakini fikiria tu kama mngekuwa na chama ule ujumbe wa jioni ya Juni 24 ungeandikwaje, au kama ungeandikwa kabisa.

Mama yako mpigie simu. Usimwambie umeacha siasa maana utakuwa unamdanganya, na usimwambie unaenda barabarani maana hatalala. Mwambie kazi unayo, pesa ya kakako itakuja, na kwamba umeandikisha kura yako. Yeye mwenyewe muulize 1988 alisimama laini gani, ama kama alikuwa mdogo, muulize babako alisimama wapi. Kule Busia hayo yanakumbukwa.

Barua ya HR ijibu kabla ya Ijumaa, na unitumie walichosema.

Mjomba